Ripea au Badilisha: Historia Fupi ya Breki, Kuanzia Gerezani

Jumamosi moja ya masika nilikuwa natoka Magomeni kuelekea Fire, pale barabara inapoanza kushuka kuingia Jangwani. Nikakanyaga breki. Gari lilisimama, ndiyo, lakini lilisimama huku linavuta kulia, kwenye njia ya mwendokasi, kama mbuzi aliyeona majani upande wa pili. Nikaegesha mbele kidogo, nikashuka, nikasogeza kiganja karibu na ringi ya mbele kulia. Moto. Ile harufu ya breki zinazoungua sina haja ya kukuelezea. Aliyewahi kushuka Kitonga ndani ya basi lililojaa anaijua.

Gari lenyewe ni Land Cruiser HZJ75 la mwanzoni mwa miaka ya tisini. Lilikuwa la marehemu baba. Mbele lina breki za diski, nyuma lina dramu, kama zilivyokuwa nyingi za aina yake wakati ule. Wiki mbili mbele tulikuwa na safari ya kifamilia ya Iringa, watu saba na mizigo, na kwa anayetoka Dar, safari ya Iringa lazima ipite Kitonga. Kwa hiyo swali la breki halikuwa la kupigia soga.

Jumatatu nikalipeleka Gerezani. Sijazima hata injini, winga ameshafika dirishani. "Bosi, kalipa hiyo unatupa. Nakupeleka dukani sasa hivi, mpya ndani ya boksi, unafunga unaondoka." Nyuma yake kulikuwa na fundi wa makamo ya juu, mzee kabisa kwa hesabu za gereji, amekaa kwenye kreti la soda anasafisha spana. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia, kisha akasema bila hata kumtazama winga: "Mwanangu, umeshaifungua ukaona ndani? Sasa unatupaje kitu ambacho hujakiona?"

Ripea au badilisha. Kwa mtu anayependa vitabu linaweza kuonekana swali dogo, la watu wenye mikono yenye grisi. Mimi nimekaa nalo miezi kadhaa, na kila nikilifuata linanirudisha kwenye historia ya mji huu, hasa sehemu ambayo hatuiandiki. Katika riwaya nyingi za Dar nilizosoma magari yanapita, yanagonga, yanabeba wapenzi kuelekea ufukweni. Ni nadra sana kuona mtu analala chini ya gari.

Tuanze na jina. Kariakoo ni Carrier Corps iliyopita kwenye ulimi wa Kiswahili. Waingereza waliingia Dar es Salaam mwezi Septemba 1916, wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, na eneo hili likawa kambi ya wapagazi wa jeshi. Ile ilikuwa vita ya porini. Barabara zilikuwa chache, mbung'o waliua wanyama wa kubebea mizigo, malori yalizama kwenye matope. Mzigo ulibebwa kichwani. Makumi ya maelfu ya wapagazi walikufa, wengi wao kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Hata jina la mtaa hatukuwapa kwa makusudi. Lilibaki tu mdomoni. Nikisimama Msimbazi nikaona vijana wamebeba injini nzima kwenye mkokoteni, nawaza kwamba mahali tunapokwenda kutafuta spea za magari pamepewa jina la watu waliofanya kazi ya magari.

Soko tunalolijua leo, lile lenye mapaa kama miavuli ya zege, lilibuniwa na Beda Amuli na likafunguliwa mwaka 1975. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 moto ukaliunguza. Pembeni yake, kuelekea reli, ndiyo Gerezani, jina linalojieleza lenyewe. Kwa miongo mingi pamekuwa mahali pa mafundi chuma: pipa tupu linaingia asubuhi, jioni linatoka likiwa majiko, ndoo na makarai. Kutoka kugonga bati hadi kufungua gari si safari ndefu. Anayejua chuma kinapokubali na kinapokataa ana nusu ya elimu tayari.

Sasa turudi kwenye breki, na hapa naomba uvumilivu kidogo kwa sababu hadithi nzima imekaa kwenye jambo dogo la kiufundi.

Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 1948, na kwa miaka mingi ndiyo ilikuwa gari la porini kwetu: la bwana shamba, la mkuu wa wilaya, la misheni, la polisi. Breki zake zilikuwa za dramu magurudumu yote manne. Ndani ya dramu kuna silinda ndogo, na ndani ya silinda kuna pistoni zenye vikombe vya mpira. Ukikanyaga, mafuta ya breki yanazisukuma pistoni, nazo zinasukuma viatu vya breki vibane dramu kwa ndani. Kitu cha kukumbuka ni hiki: kwenye dramu mpira unatembea pamoja na pistoni, unateleza juu ya ukuta wa silinda. Ukuta ukiwa na kutu au mkwaruzo, mpira unaliwa na mafuta yanavuja. Kwa hiyo fundi wa dramu anatibu ukuta. Anaupitisha msasa laini hadi ung'ae. Ukiwa umekwisha sana, anaupeleka kwa mchonga vyuma autanue na kuingiza bushi mpya.

Ujuzi huo ulikuwa na thamani ya dhahabu katika miaka ambayo vijana wa leo wanaisikia kwa wazazi tu. Baada ya Azimio la Arusha, Februari 1967, biashara kubwa ya kuagiza bidhaa kutoka nje iliwekwa mikononi mwa mashirika ya umma. Kisha yakaja mapigo mfululizo: bei ya mafuta mwaka 1973, kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 1977, vita ya Kagera mwaka 1978 na 1979, bei ya mafuta tena. Fedha za kigeni zikakauka. Spea ya gari ilihitaji kibali na dola, na dola zilikwenda kwanza kwenye mafuta, dawa na chakula. Magari yakawekwa juu ya mawe. Mabasi ya UDA yalipungua barabarani mpaka mwaka 1983 watu binafsi wakaruhusiwa kubeba abiria jijini, na nauli ya shilingi tano, ile "dala", ikazaa neno daladala.

Baba alikuwa dereva wa serikali wilayani miaka hiyo. Alikuwa na kopo la maziwa ya unga ambamo alihifadhi vikombe vya mpira vya breki, vipya na vilivyotumika, kila kimoja kimefungwa kwenye kipande cha gazeti. Tulipokuwa watoto tulikatazwa kuligusa kuliko tulivyokatazwa kugusa pochi yake. Alitusimulia habari za dereva aliyekosa mafuta ya breki akajaza maji ya sabuni ili afike tu anakokwenda, na akafika. Mwingine alijaza oili ya injini, na huyo hakufika mbali, kwa sababu mpira wa breki ukikutana na oili ya petroli unavimba na kulainika kama mkate kwenye chai. Hadithi hizo alizitoa huku anacheka. Nimekuja kuelewa ukubwani kwamba zilikuwa masomo ya kemia.

Kwa hiyo kuripea, kwa kizazi kile, hakukuwa falsafa wala mapenzi ya vitu vya kale. Hakukuwa na kitu cha kubadilisha. Neno "badilisha" lilikuwa la nchi nyingine.

Mwaka 1984 ndio mwaka wa kugeuka, na umegeuka mara mbili. Katika bajeti ya mwaka huo serikali iliruhusu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa bila kuulizwa sana amezipata wapi. Mwaka uliofuata akaingia Mzee Mwinyi, na wananchi wakampa jina la Mzee Ruksa. Na Novemba ya mwaka huohuo wa 1984, kule Japani, Toyota ilitoa Land Cruiser ya mfululizo wa 70, babu wa gari letu. Mambo haya mawili hayakujuana. Lakini yalikutana Kariakoo: mlango wa spea ulifunguka wakati uleule ambapo aina mpya ya breki ilianza kuwa ya kawaida kwenye magari yetu ya porini.

Diski zenyewe hazikuwa ngeni duniani. Frederick Lanchester alipata hataza yake Uingereza mwaka 1902, na mwaka 1953 gari la Jaguar lililofungwa diski za Dunlop lilishinda mbio za Le Mans, kwa sababu dereva wake aliweza kuchelewa kukanyaga kuliko wenzake na bado akasimama. Diski iko wazi kwenye upepo, inapoa haraka, ikilowa inakauka haraka. Kwa nchi yenye miteremko na madimbwi, ni baraka. Land Rover nayo ilikuja kuweka diski mbele kwenye One Ten ya mwaka 1983.

Lakini diski ilibadilisha kitu ambacho gereji nyingi hazikuambiwa. Kwenye kalipa, sili ya mpira haitembei. Imekaa kwenye mfereji uliochongwa ndani ya ukuta, na pistoni ndiyo inayoteleza katikati yake. Maana yake ni kwamba uso unaozuia mafuta yasivuje umehama. Kwenye dramu ulikuwa ukuta. Kwenye kalipa ni pistoni. Zaidi ya hapo, sili ile ina kazi ya pili. Ukikanyaga, inajipinda kidogo ikifuata pistoni. Ukiachia, inajinyoosha na kuirudisha pistoni nyuma kiasi cha unywele, ili pedi ziache kubana diski. Hakuna springi inayofanya kazi hiyo. Ni raba tu. Ikizeeka na kukakamaa, au mfereji wake ukijaa kutu, pistoni hairudi, pedi zinaendelea kubana, gurudumu linapata moto, gari linavuta upande huo. Ndivyo ilivyonitokea Magomeni.

Fikiria sasa fundi aliyefunzwa kwenye dramu kwa miaka ishirini. Anafungua kalipa kwa mara ya kwanza. Mkono wake unakwenda ulikozoea: ukutani. Anaupiga msasa mpaka unang'aa kama kioo, anafuta pistoni yenye vidonda vya kutu kwa kitambaa, anairudisha, anafunga. Baada ya miezi miwili inavuja. Mwenye gari anarudi analalamika, na maneno yanaenea: "Kalipa haziripeiki, hizo unabadilisha tu." Mzee wa Gerezani ndiye aliyenifungulia jambo hili. "Sisi tulisomea dramu," aliniambia. "Kalipa ilikuja bila mwalimu. Tumeharibu nyingi kabla hatujajua kwamba mgonjwa ni pistoni."

Nadhani hapa ndipo ilipo sehemu ya historia ambayo winga hana habari nayo. Dharau tuliyonayo kwa kuripea haikutokana na uvivu wa mafundi. Ilitokana na ujuzi mzuri kabisa uliopelekwa kwenye chombo kisichokuwa chake, na hakuna aliyekuja kusema kwamba kanuni imegeuka.

Wakati huohuo "badilisha" ilizidi kupata nguvu. Wafanyabiashara wa Kariakoo walianza kwenda Dubai, baadaye Guangzhou. Spea zilizotumika zikaja kwa makontena na kujaza Ilala, mitaa ya Shauri Moyo, ambako ukitaka mlango wa kushoto wa gari la mwaka fulani unaupata umening'inia. Halafu zikaja zile za boksi. Boksi ni kitu kizuri kukitazama. Lina rangi, lina namba, lina stika inayong'aa. Mwaka mmoja kabla ya kisa hiki nilibadilisha kalipa ya kushoto kwa ya boksi, kwenye duka ambalo sitalitaja. Ilianza kulia machozi kabla ya miezi minane. Boksi lilikuwa limetengenezwa vizuri kuliko kalipa. Tume ya Ushindani, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, imekuwa ikikamata bidhaa bandia hapahapa Kariakoo, lakini duka ni elfu na wakaguzi ni wachache, na mteja mwenye haraka ndiye rafiki mkubwa wa feki.

Kuna watakaosema nchi zilizoendelea zinabadilisha tu, hazipotezi muda. Ukichungulia vizuri si hivyo. Ulaya na Marekani kuna viwanda vinavyokusanya kalipa kuukuu, vinazifungua, vinazisafisha, vinaweka sili na pistoni mpya na kuziuza tena. Mnunuzi anaweka rehani, anarudishiwa fedha yake akileta ile ya zamani. Kinachoitwa kubadilisha kule mara nyingi ni kuripea kulikofanywa na mtu usiyemwona. Na sababu yake ni ya kawaida kabisa: mwili wa kalipa ni chuma cha kusubu, unaweza kudumu miongo. Kinachokufa ni raba, na baada ya raba ni ngozi ya pistoni.

Basi, mzee akafungua yangu. Akaitoa, akaweka kipande cha mbao katikati ili pistoni zisirukiane, akazisukuma nje kwa upepo wa kompresa kidogokidogo. Kalipa ya gari hili ina pistoni nne. Hakuitenganisha vipande viwili, akisema bolti zile zilifungwa kiwandani na ziachwe hivyo. Akazipanga pistoni kwenye gazeti, akazifuta, akaanza kupitisha ukucha wa kidole gumba juu ya kila moja, polepole, macho yakiwa kwingine. Mbili zilikuwa nzima. Mbili zilikuwa na vishimo pale kwenye mstari wa vumbi, mahali ambapo raba ya nje ilikuwa imechanika na maji ya Jangwani yameingia misimu kadhaa. "Ukucha ukikwama, sili nayo itakwama," alisema. Akazitenga.

Kijana mmoja jirani, mchonga vyuma hodari, akasema atazichonga mpya mchana uleule. Mzee akakataa. Chuma cha kawaida kisicho na kromiamu, alisema, kitashika kutu kabla hujavuka Mikumi. Leo itakaa vizuri, itakuja kukwama siku ambayo hatupo. Winga, ambaye alikuwa hajaondoka, akaona nafasi yake. "Si nilikwambia bosi, mpya." Mzee akamtazama kwa mara ya kwanza. "Mpya ya wapi? Niletee orijino ya kampuni, nifunge mwenyewe bila maneno. Unayo?" Winga akacheka. Orijino ilikuwepo, lakini bei yake ilikuwa ya kukaa chini kwanza.

Tukaishia njia ya tatu. Tulikwenda Shauri Moyo, jina ambalo siku hiyo lilinifaa, tukanunua kalipa kuukuu ya gari la aina ileile. Mwili wake ulikuwa umegongwa, mdomo wa kupokea bomba umevunjika, kwa hiyo ilikuwa rahisi. Pistoni zake zote nne zilipita mtihani wa ukucha. Tukachukua mbili. Tukanunua vile vipakiti vya raba ambavyo madukani vinaitwa ripea kiti, viwili, kwa ajili ya kulia na kushoto, kwa sababu ile ya boksi nayo ilipaswa kufunguliwa. Mzee alikwangua mifereji ya sili kwa kijiti cha mbao, si kwa bisibisi, akaosha kila kitu kwa mafuta mapya ya breki. Petroli haikuruhusiwa hata kukaa karibu. Akatumbukiza sili kwenye mafuta hayohayo, akazikalisha, akasukuma pistoni kwa vidole. Zikaingia kwa vidole. Hapo ndipo alipotabasamu.

Ile ya boksi ilipofunguliwa, pistoni zake zilikuwa zimeanza kubanduka ngozi. Hiyo hakuiripea. Alinirudishia mkononi: "Hii ndiyo ya kutupa." Ikabidi nirudi Shauri Moyo kutafuta nyingine nzima, nayo ikafunguliwa na kuwekwa raba mpya kabla ya kufungwa. Kumbe mtu niliyemdhania ni mtetezi wa kuripea hakuwa na dini yoyote katika jambo hili. Alikuwa anaangalia kilichopo mbele yake.

Mwisho wakatoa upepo kwenye breki zote nne, wakianza na gurudumu la nyuma kushoto lililo mbali zaidi, na wakamwaga mafuta yote ya zamani, yaliyokuwa meusi kama chai ya rangi. Mafuta ya breki yananyonya unyevu, na hewa ya Dar ina unyevu wa kutosha. Kwenye mteremko mrefu breki zikipata moto, unyevu ule unachemka, unakuwa mvuke, na mvuke unabonyea. Kanyagio linazama hadi chini na gari haliitiki. Magari mengi yanayosemekana "breki zilikatika" huenda hayakukatika chochote.

Tulishuka Kitonga tukirudi, Jumapili asubuhi, na gia ya pili, nikigusa breki kwa vipindi. Mama alikuwa kiti cha mbele, mkono wake umeshika dashibodi kama alivyokuwa akifanya enzi za baba. Gari lilishuka limenyooka. Pale chini nilisimama, nikashika ringi zote mbili za mbele. Zilikuwa na joto, na lilikuwa joto moja.

Niliporudi Gerezani kumwambia mzee, nilimkuta anamwonyesha kijana pistoni zangu mbili zenye vishimo. Alikuwa ameziweka. Alimshika yule kijana kidole gumba, akampitishia juu ya chuma, akamwuliza, "Umeisikia?" Kijana akatikisa kichwa kwamba hapana. Mzee akakirudisha kidole mwanzo.